Kidonge cha Daku

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na ndoo ya kudekia. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba, basi. Maabara ilikuwa ya mtu binafsi, pale Ufukoni. Mteknolojia Mkuu, mama mmoja mkali, akanikuta nimeegemea ufagio namtazama akimtoa mgonjwa damu.

"Unaangalia nini?"

"Kazi yangu ijayo, bosi."

Akacheka. "Basi kanawe mikono."

Alinifundisha, baadaye akanipeleka kozi. Najisifu, na haki ninayo: sijaona mshipa ulionishinda, hata wa kichanga.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kupima kiwango cha dawa ya kifafa. Nyinyi vijana mnaoanza, sikieni. Dawa ile ikipungua mwilini, mgonjwa anaanguka. Ikizidi, anapepesuka kama mlevi. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi kabla hajameza kidonge, dawa ikiwa chini kabisa, daktari ajue kama inamtosha. Damu hiyo tuliizungusha kwenye mashine, yale maji yaliyojitenga juu tukayatia kwenye deli la barafu, yakaenda Dar es Salaam kwa basi, maana chombo cha kusomea kiwango hatukuwa nacho.

Bakari alikuwa mkulima wa Mahurunga, kijana aliyekaa muda mrefu bila kuanguka. Alikuwa ameposa. Wazee wa binti walimwambia mshenga: Idi ikipita salama, ndoa ifungwe. Ramadhani ile akaja kupimwa.

"Umemeza dawa asubuhi hii?" Daktari wetu pale maabara akamuuliza.

Bakari akashangaa. "Daktari, mimi nimefunga."

Sote tukaridhika. Nikamtoa damu, hata hakujua sindano imeingia saa ngapi.

Majibu yakarudi: dawa iko juu. Daktari akampunguzia. Siku ya Idi, watu wanatoka kuswali, Bakari akaanguka uwanjani mbele ya wakwe watarajiwa.

Mama yake akaja kwetu macho yamevimba. "Kosa langu nini? Dawa nampa mwenyewe, kila daku."

"Daku ya saa ngapi, mama?" Daktari akauliza.

"Karibu na adhana, mwanangu."

Kwetu daku ni ya usiku, hakuna anayeihesabu kuwa asubuhi. Kumbe damu ile niliitoa dawa ndiyo kwanza imepanda, ikaonekana imezidi. Daktari akasema, "Mrudishieni dozi yake. Kuanzia leo tunauliza na daku."

Tukampima tena baadaye, hajameza kitu. Dawa ilikuwa sawasawa. Bakari akaniomba nikamsemee kwa wakwe. Nikawasha pikipiki yangu, maana kusema najua. Baba wa binti akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, damu yake tunaiamini. Lakini mama watoto hajalala vizuri tangu Idi, na binti kila akitajiwa harusi analia."

"Ugonjwa wenyewe hauambukizi, mzee."

"Najua. Kula muhogo, Fundi, unapoa."

Binti akaolewa Madimba.

Nimestaafu mapema, kwa hiari yangu. Nina nyumba ya bati na mikorosho yangu, na waliosoma wananiamkia. Lakini kati ya mikono yote niliyowahi kuishika, mkono wa Bakari ndio unaonirudia, na siku ile haukuvuja hata tone.

Nilikutana naye gulioni juzijuzi, amenawiri. Nikamuuliza hali.

"Mzima kabisa, mzee," akasema. "Ila sina wa kumwonyesha."