Kochi Juu ya Baiskeli

Mimi nilimpenda wifi yangu kabla kaka hajamaliza kunitambulisha. Ni muuguzi anayewatembelea wagonjwa majumbani, wale waliolala vitandani huko vilimani ambako gari halifiki, na anapanda kwa baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu. Nyuma ni chuma kitupu. Akitoka asubuhi anarudi jioni, na kila jiwe alilopita limemsalimia makalioni. Haogopi mlima, haogopi mbwa, haogopi hata mama yetu.

Kaka naye ni fundi wa makochi, na mimi ndiye mkata vitambaa wake. Mkewe alipoanza kulalamikia mgongo na makalio, fundi hakuuliza swali hata moja. Alichukua sponji nene, ile tunayowawekea wenye pesa zao, akaivika siti ya baiskeli, akaifunika na velveti juu. "Sasa utapanda kama malkia," akasema. Wifi akacheka, akamshukuru, akaondoka.

Malkia gani huyo. Haukupita muda akawa anarudi akichechemea, anajilaza kifudifudi, ukimuuliza anasema ni uchovu tu. Mapaja yamechubuka, miguu inakufa ganzi. Metroni wa zahanati yao aliona, akamwambia waziwazi: mwezi ukiisha na hali ikiwa hivi, atamkalisha dirishani kuandikisha wanaokuja, na watu wa vilimani watatafutiwa muuguzi mwingine. Wifi alinieleza hayo akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, machozi yanamlengalenga, maana wale wagonjwa wanamngoja yeye, si mtu yeyote tu.

"Mwambie mumeo kiti chake kinakuua," nikasema.

"Ataumia, wifi. Alikishona kwa moyo wake wote."

"Na wewe huumii? Mficha uchi hazai."

Hakumwambia. Basi nikamwambia mimi, mdomo wangu hauna mlango. Kaka akanuna. "Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kochi," akajibu bila kuinua macho. Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baiskeli ile pale, na Jumapili mkewe haendi kazini.

Akaipanda kweli, mbishi yule. Alirudi alasiri akiikokota, hatua moja moja, miguu imeachana. Sebule imejaa makochi aliyoyaunda kwa mikono yake, naye akala chakula amesimama. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Sponji inadidimia, mifupa haipati pa kuegemea," akasema. "Unayumba kulia kushoto njia nzima. Kochi ni la mtu aliyekwisha fika." Akachukua kisu, akaanza kufumua mshono wake mwenyewe.

Akatafuta siti ngumu kidogo, yenye upana wa kubeba mifupa ya makalio sawasawa, akailaza usawa. Usukani akausogeza karibu ili mgongo usivutike. Akafunga matairi mapana na kuyapunguza upepo, si mpaka yalegee, ila yaweze kumeza kokoto. Wifi naye akajifunza kwamba penye mawe mtu hakai: anainuka juu ya pedeli, magoti na viwiko amevikunja, baiskeli inarukaruka chini yake na yeye ametulia. "Shokapu ya nyuma ni mimi mwenyewe," akanitania siku moja, akaenda zake.

Mwezi ulipoisha, metroni alimngojea getini akitokea mlimani. Wifi akashuka, akatundika mkoba wa dawa begani, akampita kwa salamu na kwenda moja kwa moja kunawa mikono. Hakuchechemea. Metroni akamfuata mpaka kwenye sinki.

"Lile dirisha nitampa mtu mwingine," akamwambia.

Wifi alikuja karakana na vumbi lake lote kutuambia. Wateja wawili walikuwa wanachagua kitambaa. Kaka akaweka nyundo chini.

"Nisamehe, mke wangu," akasema mbele yao, fundi yule asiyekubali kukosolewa hata msumari. "Nilikuwa nakuumiza nikidhani nakubembeleza."

Wifi akampangusa unga wa sponji shavuni.

"Kushona, unamshonea kila mtu," akamwambia. "Kufumua, umenifumulia mimi peke yangu."