Uji wa Yanga

Kwa Efrazia, kudharau watu kulikuwa jambo jepesi, kama kupiga chafya. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge Mazinde, akasomea uuguzi Korogwe, na mwaka ule wa njaa akapelekwa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwedizinga. Huko watu wa kuwadharau hakuwakosa, na wa kwanza wao alikuwa mwenyekiti, Mzee Sadala.

Sadala ndiye aliyeamuru nyumba zote zijengwe mstari mmoja kando ya barabara, ili wakubwa wa wilaya wazione bila kushuka garini. Vyoo vikachimbwa mwinuko wa nyuma, kisima kikabaki bondeni chini yake. Mvua zilipokolea, watu wakaanza kutapika, macho yakageuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Efrazia alisema ni ini, na kwamba uchafu wa vyooni umeingia kisimani. Sadala aliitisha mkutano akatoa maelezo yake: ni yale mahindi ya msaada, ya njano, ambayo watu waliyaita Yanga. Anayekula cha njano hugeuka njano. Wanaume wazima wenye ndevu zao walipiga makofi, na Yanga ikapigwa marufuku kijijini ambako chakula kingine hakikuwepo.

Zahanati alilazwa Mwaija, mke mchanga mwenye mimba. Dawa ya kumponya haikuwepo. Alihitaji kupumzika, maji yaliyochemshwa na uji mwepesi wa sukari, kidogo kidogo, asubuhi kabla kichefuchefu hakijaamka. Uji wenyewe ulikuwa wa Yanga, na kila bakuli mama mkwe wake, Mashavu, alilimwaga nje.

"Utamuua huyu," Efrazia alimwambia.

"Ninyi wa kambini mnakula chochote, mwanangu. Mwenyekiti amekataza."

Kila asubuhi Efrazia alimuuliza Mwaija jina lake, kwa kuwa ini likishindwa kabisa, akili nayo hupotea. Siku moja Mwaija alilitafuta jina lake muda mrefu kabla ya kulipata. Efrazia aliogopa, na woga ukamzidishia hasira.

Siku hiyohiyo Sadala aliletwa juu ya baiskeli, amefunikwa blanketi, macho manjano kama ya wenzake. Watu walijaa barazani.

"Shikamoo, mzee. Umekula Yanga?"

Akisema hapana, Yanga haina kosa na kisima ndicho chenye kosa. Akisema ndiyo, amevunja amri yake mwenyewe. Sadala alifikiri sana kwa mtu mgonjwa.

"Nilionja," alisema. "Kwa niaba ya wananchi. Nilikuwa nachunguza."

Barazani walitikisa vichwa kwa heshima. Efrazia alitamani kutema mate.

Alimlaza kitanda cha dirishani, akampa maji, akamkanda homa vizuri kama anavyokandwa mtu yeyote. Alasiri kichefuchefu kilitulia, njaa ikaingia.

"Nipe chochote, binti yangu."

"Kipo cha Yanga tu, mzee."

Sadala aliutazama umati nje. "Basi funga dirisha."

"Halifungi. Fundi ulimleta wewe."

Alikunywa. Alikunywa mpaka akakwangua bakuli kwa kidole, watu wote wakimwona. Mashavu aliingia taratibu, akasimama kando ya kitanda cha mkwe wake.

"Na huyu mpe," alisema. "Mwenyekiti kala."

Efrazia alikuwa na maneno ya kumwambia, makali, ya kumkaa rohoni hadi kaburini. Lakini Mwaija alikuwa amefungua mdomo, na Efrazia akachukua kijiko kumlisha.

Walipopona, Sadala aliitisha mkutano mwingine. Alitangaza kuwa ameichunguza Yanga kwa mwili wake mwenyewe na haina neno. Kisima hakukitaja. Watu walipiga makofi, na mbele kabisa alikuwa Mwaija, tumbo limeanza kuonekana, akipiga kwa nguvu ile mikono ambayo juzi haikuweza kushika kijiko. Efrazia aliitazama mikono hiyo, kisha akarudi zahanati kuchemsha maji ya kisima kilekile.