Nilivyotembea na mama mkwe kwenye ukungu wa Taita bila kuonana

Wakuu, salaam kutoka Chaani, Changamwe, Mombasa. Nimevuka miaka tisini na simu hii nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie. Chumvi sitatia.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vikubwa vimekwisha. Shule niliiacha mapema. Miguu yangu haikutulia, kila kipya nilitaka kukiona.

Nikaoa Mtaita, Wakesho, tukapanga chumba hapa Changamwe. Siku moja nikasikia Voi kuna mashine ya kuchambua mkonge. Nikaenda kuitazama. Nikakaa msimu mzima.

Niliporudi, chumba kitupu. Jirani akaniambia, "Mkeo kapanda gari la moshi kwenda kwa mamake. Na sufuria kachukua."

Nikamfuata kwao, milima ya Taita.

Sasa wakuu, mimi mtu wa pwani, mlima sijaujua. Njia ilipita juu ya mgongo wa mlima, nyembamba, bonde huku na bonde huku. Mvua ya manyunyu, tope, na ukungu mzito hata miguu yangu siioni. Natambaa nikishika majani.

Mbele nikasikia mtu akikohoa.

"Hodi njiani!" nikaita.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe?" Sauti ya mwanamke.

"Mgeni, Mama. Shikamoo. Natoka Mombasa, naenda kwa Wakesho."

Hatua zake zikakoma.

"Simama hapo hapo! Mimi ndiye mamake."

Nikaganda. Kwao na kwetu desturi ni moja: mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana, mmoja anaingia kichakani. Pale kichaka hakuna, ni shimo tu.

"Fuata sauti yangu," akasema. "Ukiona mgongo wangu, funga macho."

"Nikifunga macho nitaanguka, Mama."

"Basi anguka kwa heshima."

Tukaenda hivyo, yeye mbele na mzigo wake wa ndizi, mimi nyuma.

"Ulikuwa wapi msimu mzima?"

"Voi. Nikiangalia mashine ya mkonge."

"Nzuri?"

Nikadhani ni mtego. Lakini ulimi wangu, kama miguu, hautulii: nikamweleza magurudumu, majani yanavyoingia mabichi na kutoka nyuzi nyeupe. Akauliza hili, akauliza lile. Mama huyu alikuwa mdadisi kunishinda!

Kisha akasimama.

"Wakesho naye ni mwanangu. Ulimuuliza kama angependa kuiona?"

Kusema kweli, wakuu, sikumuuliza. Haikuwahi kunipitia akilini.

"Kutembea si kosa," akasema. "Kosa ni kumwacha mwenzio akilinda mlango."

Karibu na boma ukungu ukapasuka. Haraka nikageuka nikatazama bonde. Nikamsikia akiita:

"Wakesho! Mumeo yuko huku, kageuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ana swali la kukuuliza."

Hatua zikaja. Nikauliza hivyo hivyo, bila kugeuka: "Utakuja nami tuione hiyo mashine?"

"Kwanza geuka," akasema Wakesho. "Mimi si mama mkwe wako."

Tulipitia Voi tukirudi. Baada ya hapo, popote nilipokwenda, tulikwenda wawili.

Uso wa mama yule niliuona mara chache sana hadi alipofariki. Sauti yake ningeitambua popote.

Nilichojifunza: ukiwa na miguu isiyotulia, muulize mwenzio kabla hujavaa viatu.

Nanyi wakwe zenu wakoje? Andikeni hapa, nitasoma polepole.