Kompyuta Haina Haya

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja huku Kibondo, nikisubiri majibu ya malaria. Mbele yangu mama mmoja mtu mzima alikuwa na kidonda mguuni, na muuguzi alikuwa akimwandalia sindano ya penisilini.

"Mama, kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Hakuna, mwanangu. Nimetoka kulazwa Kasulu, wamenitunza vizuri sana."

Muuguzi akafungua jina lake kwenye kompyuta, akasoma, kisha akaiweka sindano mezani taratibu.

"Mama, hospitali ya Kasulu wametutumia taarifa zako hapa. Wanasema walipokuchoma penisilini ulivimba uso, ukabanwa pumzi, nusura ufe."

Mama akainamisha macho. "Watu wamenilaza, wameniuguza, halafu mimi nije kuwasema huku?"

Huku kwetu mgeni aliyepokelewa vizuri harudi nyumbani na lawama, na adabu hiyo ilibaki kidogo imuue.

"Kwa hiyo wamesema wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe, mama."

Akapiga makofi polepole, kama tunavyoshukuru sisi Waha. "Basi mimi sijawasema." Hapo ndipo akaanza kueleza yote, mpaka uji wao usio na sukari.

Namshukuru aliyeziunganisha kompyuta za Kasulu na za kwetu. Namshukuru zaidi kwa kutozifundisha adabu zetu.