Doa Jeusi kwenye Kisigino cha Kyungu

Nakumbuka alasiri moja kule Kasungami, mwanangu, nikiwa msichana bado. Niliishi kwa kaka yangu Kyungu na mkewe Ngoie, wakulima wa mahindi. Kyungu alikuwa amelala kifudifudi mkekani. Ngoie akipita na beseni, akasimama ghafla. Chini ya kisigino cha mumewe palikuwa na doa jeusi, kingo zake zimepindapinda.

"Hii iko nini?"

"Musumari ulinichoma," Kyungu alijibu bila kugeuka.

"Musumari wa mwaka gani? Mvua iliisha, na doa iko inapanuka tu!"

Kaka yangu alivaa viatu, akaenda zake shambani. Baadaye doa likaanza kutoa damu, akawa anatembelea vidole. Asubuhi moja Ngoie alijifunga kikwembe cha kanisani, akasimama mlangoni.

"Leo hakuna kusonga bukari. Tunaenda kwa munganga wa hospitali."

Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Jibu lilipokuja, hakuficha: kansa ya ngozi.

Kyungu alicheka. "Munganga, ile iko magonjwa ya bazungu. Miye niko mweusi."

"Ngozi nyeusi inatukinga na jua," daktari akamwambia, "lakini hii haikuletwa na jua. Inaota penye bantu habaangaliake, kama chini ya muguu."

Kyungu akaushika mguu wake. Kisha akauliza, "Nitalima na nini?"

Walimwondoa nyama ya kisigino, wakabandika ngozi ya paja. Alichechemea tangu hapo, lakini aliwaona wajukuu wake. Daktari alisema kama ingekuwa imeshafika kwenye mitoki ya kinena, kisu pekee kisingetosha.

Basi, mwanangu, ukitoka kuoga, tazama nyayo, viganja na chini ya kucha. Doa linalobadilika rangi, kupanuka au kutoa damu, lionyeshe hospitali mapema. Usilichome kwa dawa za mitishamba. Kansa nyingine huota kwenye kovu la zamani la moto, au kidonda kinachokataa kupona; hicho nacho usikizoee. Na ile inayoletwa na jua huwawahi zaidi ndugu zetu wenye ualbino: mtoto wa namna hiyo mvalishe kofia pana na mikono mirefu tangu anapoanza kutambaa, na ngozi yake ikaguliwe mara kwa mara. Mgonjwa akikaidi, fanya kama Ngoie.

Mungu akutunze mwili mzima, mwanangu, na akupe mtu wa kukutazama pale macho yako yasipofika.