Mtungi wa Mama na Spika ya Baba

Udaga, ile mihogo iliyovundikwa, ukianikwa una harufu ya uchachu inayokaa puani kutwa nzima, na kwetu Runazi, nilipokuwa mtoto, kando ya udaga ule baba alianika pia mawe ya redio, zile betri zake ndogo. Aliyapanga juani juu ya kipande cha bati ili yapate nguvu za jioni moja zaidi. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya spika moja, na mwenye nayo hasa alikuwa mama. Mama alikuwa Mhangaza wa Bukiriro, mwimbishaji wa kwaya, mwanamke asiyeweza kutwanga bila wimbo. Mwaka ule aliugua homa kali, akapona, lakini kusikia kwake kukaanza kupungua siku hadi siku. Ukimwita, "Eti?" Ukirudia, "Eti?" Jumapili kipindi cha kwaya kikianza aliinama mpaka shavu likagusa redio, kisha akainuka machozi yamemlenga. Hospitalini walisema mishipa ya masikio imeharibika, dawa hakuna. Baba alitoka pale akasema, "Tatizo ni ile redio. Haina sauti."

Basi akaanza. Jamani, hatukuwa na kitu! Tulikuwa watu wa mahindi na maharage na mbuzi wachache, kwa hiyo kila kilichouzwa kikawa kipande cha muziki. Mahindi yakaleta betri ya gari, tukaachana na kuanika mawe. Beberu akaleta deki ya kanda na amplifaya kuukuu kutoka Lusahunga, kule malori yanakolala. Maharage yakaleta spika, moja tu, maana ya pili ilikuwa ndoto. "Haba na haba hujaza kibaba," baba alisema kila aliporudi na kifurushi nyuma ya baiskeli, na kila alipowasha alimtazama mama usoni. Mama alitabasamu, akatikisa kichwa: bado. Baba alitukataza kumwambia mtu habari za masikio yale, akiamini yatapona kabla watu hawajajua. Kwa hiyo majirani wakamwita mzee wa starehe. Mama Kulwa, jirani yetu asiyejua kufunga mdomo, alipita akipiga kelele, "Baba Neema, unafungua baa? Mkeo kanga ile ile, wewe spika! Kweli sikio la kufa halisikii dawa!" Hakujua anasema nini. Niliingia jikoni nikalia kwa hasira.

Fundi wa Lusahunga alimwambia baba kwamba spika ikifungwa kwenye mdomo wa mtungi wa udongo, besi yake hutikisa ukuta. Mtungi tulikuwa nao mmoja, wa maji, ambao mama alikuja nao kutoka Bukiriro alipoolewa. Maji yake yalikuwa baridi hata wakati wa kiangazi. Mama mwenyewe aliyamwaga, akaukausha mtungi, akamkabidhi baba. Kuanzia hapo tukanywa maji ya ndoo, yenye vuguvugu na ladha ya plastiki.

Jumapili ile, baada ya ibada, baba aliweka kanda ya kwaya. Lo! Vumbi lilianguka kutoka kwenye mabati. Watoto wa kijiji kizima walijaa uani wakicheza, Mama Kulwa naye akifunga kanga kiunoni. Mama alikuwa ametupa mgongo, anachambua maharage kwenye ungo. Baba akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka spika ikakoroma. Mama akaokota kijiwe, akakitupa. Baba akazima ghafla, watu wote wakanyamaza, na mama hakugeuka hapo pia. Mama Kulwa akaweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona baba yangu mnyonge kama nilivyomwona siku ile.

Alikwenda akamshika mkono, akauweka juu ya tumbo la mtungi, akawasha. Mama alishtuka. Kisha akafumba macho, midomo ikaanza kucheza, akaimba kwa sauti iliyopotea njia kabisa, huku wimbo ukienda kwingine. Mtoto mmoja alicheka. "Imbeni naye!" baba alifoka, na Mama Kulwa akawa wa kwanza kuimba, machozi yanamtiririka. Tangu hapo kila Jumapili mama alikaa ameukumbatia mtungi ule.

Siku hizi naishi Mwanza, na nina spika isiyozidi kikombe, haina waya, sauti yake safi kuliko vyote alivyokusanya baba. Mama alipofariki mwaka jana, nilimpelekea baba moja kama hiyo baada ya matanga, nikijua mzee wa starehe atafarijika. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akanichotea maji. Yalikuwa baridi, mtungi umerudi jikoni. Nikawasha kwaya. Alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Zima, Neema," akasema mwishowe. "Mimi muziki sijawahi kuupenda."