Mafahali Kumi na Mmoja, Mdundo Mmoja

Mziwanda wangu ana miaka thelathini na minane na ni fundi redio. Mikono anayo. Redio iliyokufa akiishika inakohoa, kisha inasema. Akili nyingine aliirithi kwa baba yake, Mungu amrehemu, na baba yake hakuwa nayo ya kugawa.

Mwaka jana aliwatoa kuku wangu chumbani kwao, akabandika trei za mayai ukutani, eti studio. Akatengeneza mdundo wa dancehall, ile miziki ya Jamaika. "Mama, mdundo ni mmoja, waimbaji kumi na mmoja. Kila mtu anaimba wimbo wake juu ya huo huo." Nikamwambia shati moja likivaliwa na watu kumi na mmoja litanuka tu.

Wakaja. Sijaona watu wenye vyeo vingi na soksi zilizotoboka kama wale. Huyu Mfalme, huyu Simba Chuma, yule Jenerali. Jenerali mwenyewe alimkimbia jogoo wangu. Wiki tatu waliimba, na wote jambo moja: mimi ndiye, wengine si kitu. Debe tupu angalau hungoja lipigwe.

Kituo cha redio kilimwahidi mwanangu nafasi hewani: alete nyimbo kumi na moja Ijumaa saa sita mchana, akichelewa anapewa mwingine. Alhamisi waimbaji wakaja kusikiliza, ukazuka ugomvi. Nani awe wa kwanza kwenye orodha? Kila mmoja anasema asipotangulia anaondoa wimbo wake. Mwanangu anaandika orodha, anachana, anaandika, jasho linamtoka kama aliyeiba.

Nikaingia. "Viatu vyenu viko wapi?"

"Mlangoni, bibi."

Kwangu hakuna anayeingia na viatu. Kibaraza ni chembamba: wa kwanza anaviweka ukutani, anayefuata kando yake, mpaka kwenye matope.

"Basi orodha iko mlangoni. Mwanangu, toka ukaandike."

Walicheka, lakini walitoka mbio kuangalia. Ukutani palikuwa na ndala za yule mpole asiye na cheo. Buti za Jenerali zilikuwa matopeni, maana mkubwa lazima asubiriwe.

"Mimi nipangwe na bibi wa kuku?"

"Kuku wamepangika, baba. Wewe ndiye umeshindikana."

Akavaa buti, akaenda na wimbo wake. Wenzake kumi wakampisha njia. Kila mmoja alikuwa amefurahi kimoyomoyo. Mwanangu akanitazama kama nimemvunjia redio ya mteja.

"Mama, umenimaliza. Wanataka kumi na moja."

"Huo mdundo wako, kabla hawa hawajautemea mate, unao?"

"Ninao. Mtupu." Akakuna kichwa. "Kweli, wenzetu wengine huuweka mtupu mwishoni."

"Uweke palipokuwa na buti."

Ijumaa, saa sita haijagonga, alikuwa amefikisha. Jumapili mchana redio ikazipiga zote. Nilikuwa namenya vitunguu. Kumi za kwanza nilizivumilia kama jino bovu. Ya kumi na moja nikaweka kisu chini. Ngoma, besi, na kinanda chembamba alichokipiga kwa vidole vile vile vya kuchokonoa nyaya. Hakuna aliyejisifu humo.

"Huu ndio wimbo," nikamwambia.

"Mama, hauna maneno."

"Ndiyo maana. Sasa bandua trei zako, kuku wangu wamechoka kulala nje."